Nilivyoisoma hukumu ya Msitu wa Mau kwa Kiswahili cha wazee

Mwanafunzi wangu wa zamani, Mwogiek wa Mariashoni, wa jamii inayoishi tangu enzi za mababu katika Msitu wa Mau nchini Kenya, aliniomba kitu nilichodhani ni cha jioni moja. Wazee wa kwao walitaka kusomewa hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyotolewa Arusha tarehe 26 Mei 2017. Kesi ilikuwa yao, na mlalamikiwa alikuwa serikali ya Kenya. Oktoba 2009 Waogiek walipewa notisi ya siku 30 wauhame Msitu wa Mau, mwaka 2012 shauri likafika mahakamani, na sasa kila mtu alijua kwamba wameshinda. Walichoshinda hasa kilikuwa kimefungiwa ndani ya kurasa zaidi ya 60 za Kiingereza cha mawakili. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili tu, lakini nilikubali.

Nikakaa na kamusi wiki mbili, nikatoka na muhtasari safi uliojaa "uharibifu wa mazingira", "uhifadhi endelevu" na "matumizi ya rasilimali". Niliusoma mbele yao kwa sauti ya darasani. Walinisikiliza kwa adabu kubwa, na nilipomaliza mzee mmoja akauliza, "Mwalimu, hayo mazingira ndiyo nini? Kama ni msitu, sema msitu. Kama ni mto, utaje jina lake."

Sikuwa na jibu. Katika karatasi zangu zote hapakuwa na mto hata mmoja. Mau ni karibu hekta 400,000. Hapo ndipo unapoanzia Mara, ambao wanyama wa Serengeti wanautegemea, na Sondu unaoteremka hadi Ziwa Viktoria, na Njoro unaoingia Ziwa Nakuru. Nilikuwa nimeikunja mito hiyo yote ndani ya neno moja lisilo na maji.

Lakini neno lililoniuma zaidi lilikuwa "uhifadhi". Mimi nimelipenda tangu utotoni. Mtu huhifadhi Kurani moyoni. Mgeni aliyenyeshewa hupewa hifadhi. Kwa watu walioketi mbele yangu, uhifadhi ulikuwa askari wa misitu, nyumba kuchomwa, na kuitwa maskwota mahali ambapo babu zao walitundika mizinga ya nyuki. Katika miaka ya 1930 tume ya ardhi ya wakoloni ilipendekeza wahamishiwe kwenye maeneo ya makabila jirani. Sababu zinazotajwa zimebadilika tangu wakati huo, ila wanaofungasha ni wale wale. Mama mmoja alimnong'oneza mwenzake alipolisikia neno lile, na mwanafunzi wangu akanieleza baadaye kwamba alikuwa ameuliza: tumeshinda, au tunafukuzwa tena?

Baada ya swali hilo niliziweka karatasi kando. Nilirudi siku kadhaa bila chochote cha kusoma, nikatembea nao na kuwauliza mambo yale yale ya hukumu, wao wayaseme kwa maneno yao. Kazi ilifanyika hapo. Kwa mfano, nilikuwa nimehangaika na kile mawakili wanachokiita kuondoa sehemu ya msitu katika orodha ya misitu ya serikali. Mzee akasema, "Si waliumega?" Kumega, kama tonge. Mwaka 2001 Mau ilimegwa makumi ya maelfu ya hekta, na kila aliyekuwa pale aliweza kuonyesha kwa mkono ni upande gani.

Kwa neno hilo moja, sehemu ya hukumu ninayoiona kuwa uti wa mgongo wake ilisomeka. Serikali ilikuwa imejitetea kwamba Waogiek waliondolewa ili msitu upone. Mahakama ilikataa. Niliandika hivi: msitu umeharibiwa hasa na watu wengine waliouvamia, na serikali iliyoumega ili iwape watu makazi, na vibali vya kukata miti vilivyotolewa bila busara. Serikali yenyewe ilikiri kwamba uharibifu wa Mau hauwezi kubandikwa wote kwa Waogiek. Nilipousoma mstari huo katika kikao cha pili, palikuwa kimya muda mrefu, kisha wakaniomba niurudie. Niliurudia mara tatu.

Jambo jingine walinisahihisha tukiwa njiani. Tulipita kwenye safu za saiprasi zilizopandwa kwa ajili ya mbao, nami nikazitaja kama msitu. "Hilo ni shamba," wakasema wawili kwa pamoja. Chini ya saiprasi hakuna ua la kumlisha nyuki. Mwogiek hutengeneza mzinga kwa gogo la mtarakwa, huutundika juu mtini, na asali inayotoka hufuata maua ya miti ya asili iliyo karibu. Ukihesabu hekta, shamba lile ni kijani. Ukihesabu asali, ni uwanja mtupu. Tangu siku hiyo, kila ninaposikia idadi ya miche iliyopandwa nauliza kwanza ni miche ya nini, na nani aliulizwa.

Kuulizwa kwenyewe kulinisumbua. Hukumu ya pili, ya tarehe 23 Juni 2022, iliamuru fidia: shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa madhara mengine waliyotendewa. Iliamuru pia mashauriano yenye ridhaa ya hiari, ya awali, yenye taarifa kamili. Kiswahili hicho ni sahihi na hakimwambii mtu kitu. Tuliishia na "kuulizwa kabla, kuelezwa yote, na kuachwa useme ndiyo au hapana". Kipande cha mwisho alikiongeza kijana mmoja, na ninakishikilia kwa nguvu zote, kwa sababu mikutano mingi huitwa mashauriano wakati tingatinga limeshafika.

Yule mama aliyenong'ona alichagua sentensi nyingine. Mahakama ilisema Waogiek walinyimwa wingi wa chakula kinachotoka katika ardhi ya mababu zao. Alitaka aandikiwe hiyo peke yake. Nikamwandikia kwa herufi kubwa, akaikunja na kuitia kifuani.

Muhtasari wa mwisho ulikuwa kurasa tisa. Tulitoa nakala, nazo zikasambaa kuliko nilivyotazamia. Novemba 2023, mamia ya Waogiek walipofurushwa Sasimwani, upande wa Narok, mtu nisiyemjua alinipigia simu. Alikuwa na nakala iliyolowa, ukurasa wa nane hausomeki. Alitaka nimsomee mahali ambapo hukumu ya pili inasema serikali iwapimie ardhi yao na kuwapa hati ya pamoja ndani ya miaka miwili. Nilimsomea polepole, naye akawa anarudia kila neno kwa sauti ili walio karibu naye wasikie.

Miaka hiyo miwili ilipita bila hati kutolewa. Mwaka huu nimeombwa kusoma tena, safari hii kwa vijana, na nimeanza kuchapa ule ukurasa wa nane kwenye karatasi nzito zaidi.