Kulea kwa Maneno: Malezi ya Watoto Wetu Uswidi

Mama wa Kitanzania anayejifungua Uswidi hupewa kitu ambacho wenzake wengi nyumbani hawakipati, nacho ni muda. Wazazi wawili hugawana siku 480 za likizo yenye malipo kwa kila mtoto, na 90 kati ya hizo zimetengwa kwa kila mmoja wao, kiasi kwamba baba asipozichukua hupotea, wala hawezi kumwachia mama. Sheria ya ajira ya Tanzania humpa mama siku 84, au 100 akijifungua mapacha, na baba hupata angalau siku 3. Naishukuru sana tofauti hiyo, kwa sababu nilipokuwa nimerudi kazini, mume wangu ndiye aliyekuwa akimwogesha mtoto, akimbembeleza na kumpeleka kliniki, na ukaribu walio nao leo ulianzia hapo.

Muda huo, hata hivyo, huja bila watu. Kwetu mzazi huwekwa arobaini, akakandwa na kupumzishwa, na mtoto akapokezanwa na bibi, mama wadogo na majirani. Hapa baba akisharudi kazini, mama hubaki na mtoto nyuma ya mlango uliofungwa mpaka jioni, na katika mwezi wa Desemba jua huzama mnamo saa tisa alasiri. Tangu Julai 2024 mzazi anaruhusiwa kumpa mtu mwingine, kwa mfano bibi au rafiki, hadi siku 45 za likizo yake, lakini ni lazima mtu huyo awe ndani ya bima ya jamii ya Uswidi, kwa hiyo bibi aliyekuja kwa viza ya matembezi hahesabiki.

Ninachotaka kusema ni kwamba mambo mengi ambayo kwetu mama na mtoto huyapata kwa kuishi tu katikati ya watu, huku ni lazima yasemwe kwa maneno, na mara nyingi mwenye kuyasema ni mama.

Hata afya ya mama mwenyewe iko hivyo. Kati ya wiki ya 6 na ya 8 baada ya kujifungua, muuguzi wa kliniki ya watoto humpa mama maswali 10 kuhusu hali ya moyo wake: kama bado anaweza kucheka, kama anajilaumu pasipo sababu, kama huzuni inamnyima usingizi, kama amewahi kuwaza kujidhuru. Maswali hayo yalichapishwa mwaka 1987 na watafiti waliokuwa Scotland, na mmoja wao, Dakta John Cox, alikuwa amewahi kufanya utafiti juu ya afya ya akili ya wajawazito na wazazi nchini Uganda. Nawasihi akina mama wenzangu wasiyajibu kwa adabu tu. Tumelelewa kujibu "nzuri" tukiulizwa hali, na nyumbani jibu hilo halina madhara, kwa sababu mama yako au wifi yako ameshakutazama usoni na kuelewa. Muuguzi hana njia hiyo, kwani anajua kile tu ulichomwambia. Mimi nilimwambia ukweli, nikapangiwa mazungumzo na mwanasaikolojia bila malipo, na yalinisaidia sana.

Suala la adhabu ndilo linalozua mjadala mkali zaidi katika mikusanyiko yetu. Uswidi ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku kumchapa mtoto hata nyumbani kwake, mwaka 1979, na tangu tarehe 1 Januari 2020 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto ni sehemu ya sheria za nchi. Wapo wanaosema kwamba sheria hizo zimewanyang'anya wazazi mamlaka yao. Mimi siafiki. Tukikumbuka vizuri, heshima hatukufundishwa na fimbo. Tulifundishwa na jirani aliyetuuliza tunatoka wapi saa hizo, na shangazi aliyetosha kutukazia macho tu, na wakubwa waliokuwa wakiamkiana mbele yetu kila asubuhi mpaka tukaona kwamba ndivyo watu wanavyoishi. Watu hao ndio tuliowakosa, na hata tungeruhusiwa fimbo isingeweza kushika nafasi yao.

Kwa hiyo nabaki kueleza. Mwanangu anamwita mwalimu wake kwa jina lake la kwanza na amezoeshwa kuuliza sababu ya kila jambo, naye huniuliza kwa nini aache mchezo wake ili amwamkie mgeni aliyeingia. Kumjibu vizuri, baada ya siku nzima ya kazi, huchosha kuliko kuamuru. Hata hivyo kazi hiyo imenisaidia kupambanua. Yako mambo niliyoyatafutia sababu nikaikosa, kwa mfano kwamba binti ndiye aondoe vyombo mezani huku kaka yake ameketi, na hayo nimeyaacha. Shikamoo ina sababu, nayo tumebaki nayo.

Ninachokipigania zaidi ni Kiswahili, kwa kuwa bila hicho bibi yao hawezi kuwalea hata kwa simu. Mtoto huanza chekechea akiwa na umri wa mwaka mmoja au zaidi kidogo, husikia Kiswidi mchana kutwa, na kabla hajafika miaka mitano huanza kumjibu mama yake kwa Kiswidi. Mimi huendelea kumsemesha kwa Kiswahili bila kumkaripia, na Jumapili bibi humsimulia hadithi kwa simu ya video, akamtaka aimalizie mwenyewe.

Sheria nayo inatusaidia, ila kwa masharti. Mwanafunzi wa shule ya msingi ana haki ya kufundishwa lugha ya nyumbani kwao ikiwa anaitumia kila siku katika familia na tayari ana msingi wake, ikiwa mwalimu anayefaa anapatikana, na ikiwa angalau wanafunzi 5 katika manispaa wameiomba. Shule huendeleza kilichokwisha kuanzishwa nyumbani, haianzi yenyewe. Ombi hupitia shule ya mtoto, na kila familia hujiombea. Ndiyo maana nawaomba tupigiane simu mapema, pamoja na familia za Kenya, Kongo na Burundi zinazozungumza Kiswahili, tujue ni nani ana mtoto wa umri huo katika manispaa yetu, maana wanne wakiomba na wa tano akakaa kimya, manispaa haina wajibu wa kufungua darasa.