Siku moja maishani mwangu: kesho abiria wanashuka Antaktika

Saa kumi na moja alfajiri

Kengele ya simu inalia bure, niko macho tangu saa nane. Meli inalalia ubavu huu, inageuka inalalia ule, na kitanda cha juu yangu mwenzangu Mfilipino anakoroma kana kwamba yuko kwao. Tulitoka Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina, juzi jioni. Kutoka Rasi ya Horn hadi visiwa vya kwanza vya huko tuendako ni bahari tupu, karibu kilomita 800, hakuna hata jiwe la kuvunja upepo. Mimi mzaliwa wa Likoni, Mombasa, nimekua nikipanda feri kila siku. Nilidhani bahari naijua. Kumbe nilikuwa najua kivuko.

Kazi yangu ni kuhudumia vyumba kwenye meli ndogo ya kitalii, abiria 170 na ushei. Leo ndiyo siku ya ukaguzi. Mungu akijalia, kesho asubuhi watashuka, lakini hakuna atakayeshuka kabla mifuko yake ya suruali haijapitishwa vakyumu, mashine ya kufyonza uchafu.

Saa kumi na mbili na robo

Wali, mayai, na pilipili yangu ya chupa kutoka nyumbani. Vitambaa vya meza vimelowanishwa maji makusudi ili sahani zisitembee. Yangu ilitembea hivyo hivyo.

Saa moja hadi saa tatu

Vyumba. Nusu ya abiria wamelala chali, rangi zimewatoka, wananiomba tangawizi. Nawaletea, natandika ninachoweza kutandika. Mmoja ana begi la droni kwenye kochi. Namkumbusha kwa adabu kwamba droni haitaruka, aliambiwa tangu alipolipia. Mwingine amejaza tufaha kwenye mkoba wake wa kesho. Hayo nayo hayashuki. Huko hakuna kula hata biskuti. Maji ya kunywa, basi.

Saa tatu na nusu

Mkutano ukumbini, na hudhurio ni lazima. Nasi wafanyakazi ambao huenda tukapata nafasi ya kushuka tunasimama nyuma tusikilize. Nimeusikia mara nyingi, ningeweza kuuendesha mwenyewe.

Antaktika haina mwenyewe. Mkataba wake ulitiwa saini na nchi 12 tarehe 1 Desemba 1959, na mwaka 1991 ikaongezwa itifaki ya kulinda mazingira. Kwa hiyo hakuna ubalozi wala muhuri wa pasipoti. Meli ndiyo inayopewa kibali, na masharti ya kibali hicho yanatukalia shingoni sote. Meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu hata mmoja. Zisizozidi hapo, watu 100 tu ndio wanaokuwa nchi kavu kwa wakati mmoja, na kila 20 wawe na mwongozaji wao. Kutoka kwa ndege au mnyama, mita tano angalau. Pengwini akikujia mwenyewe, wewe ndiye unayempisha.

Halafu kuna mafua ya ndege. Virusi vya H5N1 vilifika kisiwa cha South Georgia mwishoni mwa 2023, na Februari 2024 vikathibitishwa Antaktika bara. Kwa sababu yake hakuna kukaa, kupiga magoti wala kuweka begi chini. Buti tu ndizo zinazogusa ardhi. Kila safari kuna mtu anayeuliza, na akichoka je? Jibu ni kwamba atarudi kwenye boti.

Saa tano

Sasa kazi yenyewe. Tunapanga meza, vakyumu nne, brashi, vibano, na sindano za kuchokolea uchafu kwenye velcro, ile mikanda ya kunata ya kufungia nguo. Velcro ndiyo adui mkubwa, haiachi kitu kipite. Abiria wanaitwa kwa sitaha: jaketi, suruali ya nje, glovu, kofia, mkoba, miguu ya kamera, fimbo za kutembelea. Kila mfuko unageuzwa nje.

Ungeona vinavyotoka humo! Manyoya ya mbwa, mchanga, tiketi ya treni, makombo ya keki. Mzee mmoja alinuna, jaketi lake jipya, tunamsumbua kwa nini. Fimbo zake hazikuwa mpya. Kwenye ncha ya moja palikuwa na udongo mkavu na ndani yake majani yenye mbegu. Mwongozaji akamwonyesha bila kusema neno.

Antaktika yote ina mimea miwili tu ya asili inayotoa maua. Lakini kisiwa cha King George, karibu na kituo cha utafiti cha Wapolandi, kuna nyasi ya kigeni iliyoanza kuota miaka ya 1980, ikiletwa na viatu na mizigo ya watu. Jina lake la kitaalamu ni Poa annua. Naam, Poa. Mara ya kwanza kusikia nilicheka peke yangu ukumbi mzima, na sikuwa na wa kumweleza kwa nini.

Saa nane mchana

Mapumziko. Mombasa ni saa mbili usiku, nampigia mama kabla hajalala.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmefika?"

"Bado. Kesho inshallah."

"Na viza ya huko mnachukulia wapi?"

Namweleza kwamba viza iliyonitoa jasho ilikuwa ya Argentina, huko mbele hakuna. Anashangaa: nchi haina viza halafu wanakagua mpaka mishono ya suruali? Kisha anahamia kwenye habari iliyomuuma, kunguru wamebeba kifaranga kingine.

Hapo ndipo ninapoelewana na hizi vakyumu kuliko wenzangu wengi. Kunguru wale si wa kwetu. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale takataka, wakaenea pwani nzima wakila mayai na makinda ya ndege wenyeji. Mwaka 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ilitangaza mpango wa kuua milioni moja nchini. Aliyewaleta alikuwa na nia njema na kisanduku cha ndege wachache. Kwa hiyo mzee akinuna juu ya fimbo yake, mimi simcheki, ila simwachii.

Saa tisa

Zamu ya wafanyakazi. Naenda mbele nikijiamini, si ndimi mkaguzi mwenyewe. Mkoba wangu niliununua mtumba Kongowea, imara, mifuko kibao. Binti mwongozaji akapitisha kibano kwenye bitana ya chini, akatoa kimoja, akatoa cha pili. Akafika saba. Kishona-nguo, zile mbegu za magugu zinazong'ang'ania nguo! Kile kile kilichokuwa kikijaa kwenye sketi za dada zangu tukitoka shule, kimesafiri nami kutoka Likoni, kikapanda ndege tatu na meli moja.

Aliuliza kinaitwaje kwetu. Nikamwambia. Akaona jina linafaa sana, akavitia kwenye pakiti ya kuchomwa. Wafilipino waliniita "mkaguzi" mpaka chakula cha jioni.

Saa kumi na moja jioni

Buti. Jozi 170 za mpira, kila moja inasuguliwa kwenye nyufa za soli, inachovywa kwenye dawa, inaning'inizwa kwa namba ya chumba. Mgongo unauma. Sina zaidi la kusema kuhusu buti.

Saa tatu usiku

Nje bado kweupe na bahari imetulia ghafla. Barafu ya kwanza imepita upande wa kushoto, kubwa kama msikiti na viwanja vyake, na walioumwa jana wote wamefufuka, wako nje na kamera. Kiongozi wa msafara anatangaza: ufuo wa kesho asubuhi umefutwa, kuna ndege waliokutwa wamekufa. Tutazunguka na boti za mpira bila kushuka, mchana tutajaribu pengine. Ukumbi ukaguna. Mzee wa fimbo hakuguna.

Orodha ya wafanyakazi wa kushuka mchana imebandikwa mlangoni pa jiko. Jina langu lipo, la mwisho, na pembeni yake kalamu imeandika "nafasi ikipatikana".

Saa tano usiku

Nimekwisha kulala simu inapolia. Kwa mama ni saa kumi na moja alfajiri, ameamka kuswali. Ni ujumbe wa sauti.

"Nimefikiria yale maneno yako. Basi nawe ukirudi, ujikung'ute hapo hapo nje kabla hujaingia kwangu."