Tunavyoyafuata maji kutoka kikombeni hadi kisimani

Wengi wanaojitolea kwenye miradi ya maji huelekeza nguvu zote kisimani: pampu, zege la kuzungushia, siku ya uzinduzi. Mimi na wenzangu tunaanzia upande wa pili, kwenye kikombe cha nyumbani, halafu tunarudi nyuma hatua kwa hatua. Maji yanayotoka ardhini yakiwa salama huchafuka njiani: kwenye dumu lenye utelezi ndani, kwenye kata inayolala sakafuni, kwenye vidole vinavyozama ndooni pamoja na kikombe.

Kifaa tunachokitegemea ni kipima klorini (dawa ya kuulia vijidudu majini) cha mkononi, kile kijisanduku cha plastiki chenye rangi za kulinganisha pembeni. Unajaza maji, unadondosha kidonge cha DPD namba 1, kinachogeuza maji yenye klorini kuwa ya waridi, bila kukigusa kwa vidole, unatikisa na kusoma papo hapo. Waridi iliyokolea maana yake klorini ipo ya kutosha. Maji yakibaki meupe, hakuna ulinzi. Kuna mtego hapa. Klorini ikizidi mno huifuta rangi yenyewe, na asiyejua huandika sifuri na kuongeza dawa. Ukitia shaka, changanya sampuli na maji yasiyo na dawa, upime tena. Majumbani tunataka miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita wakati wa kunywa.

Kiasi cha dawa hakikisiwi, wala hakinakiliwi kutoka kisima cha jirani. Kwanza tunatengeneza mchanganyiko wa asilimia 1: gramu 15 za unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70, ndani ya lita moja ya maji. Unga ndio unaotiwa kwenye maji. Usimwagie unga maji. Tunaacha chokaa ituame na kutumia maji ya juu tu. Kisha tunapanga ndoo nne za lita 20 zenye maji ya chanzo hicho na kutia kwa sirinji isiyo na sindano mililita 2, 4, 6 na 8. Kila mililita 1 inaongeza miligramu 0.5 kwa lita. Baada ya dakika 30 tunapima zote, na tunachagua dozi ndogo kuliko zote inayobakiza angalau 0.5. Ndoo hiyo inafunikwa na kupimwa tena kesho yake saa ileile. Ikiwa chini ya 0.2, tunapanda ngazi moja. Mvua kubwa ikinyesha, jaribio linarudiwa, kwa sababu maji yaliyobadilika hula dawa tofauti.

Mchanganyiko huo unakaa kwenye chombo cha plastiki kisichopitisha mwanga, kivulini. Jua na joto huumaliza nguvu, na chuma huliwa nao. Sisi tunautengeneza upya kila wiki. Dawa ya kufulia yenye manukato haitumiki kabisa kwenye maji ya kunywa.

Maji ya tope ndiyo yanayotupa kazi zaidi. Tope hula klorini na kuwaficha vijidudu ndani ya chembe zake, hivyo kumimina dawa zaidi peke yake ni kujidanganya. Tunayaacha yatuame usiku kucha, tunayamimina taratibu kupitia kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne, kisha ndiyo tunatia dawa. Yakigoma kutuama, shabu husaidia. Hata hivyo klorini haiwezi kila kitu: kimelea cha Cryptosporidium huihimili, na chumvi, floraidi au aseniki haziguswi nayo. Kwa watoto wachanga na wenye kinga dhaifu tunasisitiza kuchemsha mpaka maji yatokote kwa nguvu dakika 1, au dakika 3 kwenye nyanda za juu zaidi ya mita 2,000.

Dumu tunaliosha mbele ya wenyewe. Konzi mbili za kokoto ndogo safi, maji kidogo, sabuni, kisha kutikisa mpaka mkono uchoke. Ule utelezi wa kijani unatoka vipande vipande, na hapo maelezo yetu hayahitajiki tena. Kwa kuhifadhi, tunapendelea ndoo yenye kifuniko na koki kuliko mtungi wa mdomo mpana. Wanaolalamikia harufu tunawaambia wayahamishe maji mara kadhaa kati ya vyombo viwili safi muda mfupi kabla ya kunywa. Harufu isipojibiwa, dawa inaachwa kimyakimya.

Kwenye kunawa mikono hatuhutubii. Tunampaka mtu mafuta ya kupikia na majivu mikononi, tunamwomba anawe kwa maji matupu, halafu kwa sabuni kwa sekunde 20. Kati ya vidole na chini ya kucha ndiko weusi unakobaki, na kila mtu anauona.

Kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia linaloning'inizwa na kuinamishwa kwa mguu, tunakiweka hatua chache tu kutoka mlango wa choo. Kikiwa mbali hakitumiki. Dumu la lita 5 linatobolewa matundu mawili ya milimita 2 kwa msumari wa moto, sentimita 12 hivi chini ya kifuniko, na kamba ya shingoni inafungwa kwenye kijiti cha kukanyaga. Matundu makubwa humaliza maji kabla ya saa sita. Chini tunatandaza kokoto, la sivyo panakuwa dimbwi. Mche wa sabuni hupotea, kwa hiyo tunachanganya gramu 30 za sabuni ya unga kwenye lita 1.5 za maji, katika chupa iliyotobolewa kifuniko na kufungwa kwa kamba. Zamu ya kujaza maji tunaiandika kwa majina, maana kazi ya wote mara nyingi haifanywi na yeyote, na dumu likikaa tupu siku mbili tatu watu wanaacha kulikanyaga.