Siku moja na pikapu yangu Malindi, na ile ya umeme isiyonitoka kichwani

Saa kumi alfajiri

Naamka kabla ya adhana. Kitu cha kwanza ni kufungua boneti na tochi mdomoni: oili, maji ya rejeta, kisha nainama chini kuangalia kama kuna kilichovuja usiku. Kuna tone moja la dizeli kwenye mchanga. Nimeliona hilo tone siku nne mfululizo.

Kazi yangu ni kubeba. Samaki, embe, saruji, mabati, masufuria ya harusi, mtu anayehama kutoka Kisumu Ndogo kwenda Muyeye. Huu ni mwaka wa 12 nikiwa na pikapu hii ya dizeli, na niliinunua ikiwa imeshapita mikononi mwa watu wawili. Leo imewaka mara ya tatu. Zamani ilikuwa inawaka mara moja.

Nimeamua kuandika siku nzima kwa sababu wiki mbili sasa nafanya kazi nikiwa na magari mawili: hili ninaloliendesha na lile lililo kichwani. Mpwa wangu, anayesoma chuo, alikuja nyumbani akanionyesha kwenye simu pikapu ya umeme ya kampuni moja ya Marekani iitwayo Slate. Ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza Aprili 2025. Ina viti viwili. Vioo vya milango unazungusha kwa mkono. Haina redio, haina skrini, na bodi yake ni plastiki ya kijivu ambayo haikupakwa rangi hata kidogo. Ukitaka rangi, unaivisha karatasi ya plastiki baadaye. Mpwa wangu alidhani nitasema ni gari la kimaskini. Mimi nilimwambia arudie ile video, kwa maana tangu nianze kazi hii sijawahi kuona mtu akitengeneza gari jipya akiwa anamfikiria mtu kama mimi.

Saa kumi na moja na nusu

Ufukweni mashua zimeshaingia. Ni kaskazi, bahari imetulia, na leo kuna jodari, nguru na kolekole wa kutosha. Utingo wangu anapanga matenga huku mimi nikimwaga barafu.

Hapa ndipo pikapu yangu inapofia. Si injini, ni bodi. Maji ya barafu iliyochanganyika na chumvi yanashuka kwenye kila mshono, na hewa yenyewe ya hapa ina chumvi. Sakafu ya nyuma nimeichomelea mara tatu. Mlango wa kushoto, ukiugonga chini kwa kidole, unatoa vumbi jekundu. Kila jioni naiosha kwa maji baridi ya bomba, na bado kutu haingoji ruhusa. Nilipoona ile bodi ya plastiki, hilo ndilo lililonigusa kabla hata ya habari ya betri. Plastiki haili kutu. Tenga likikwaruza ubavu, hakuna rangi ya kubanduka, kwa sababu rangi haikuwepo tangu mwanzo. Chini kuna chuma, najua, na chuma ni chuma, lakini milango na mabawa ndiyo yanayonimalizia pesa kila mwaka.

Saa moja asubuhi

Njiani kwenda Watamu. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 50. Pikapu yangu ikiwa na mzigo inakula lita 5 katika safari hiyo, na dizeli iko zaidi ya shilingi 150 kwa lita. Kwa hivyo zaidi ya shilingi 750 zimeteketea kabla sijanywa chai.

Nimefanya hesabu ya ile nyingine mara nyingi hata utingo wangu ameishika kwa moyo. Betri yake ndogo ni ya uniti (kilowati-saa) 52.7, na kampuni inasema inatembea kilomita 240 hivi. Kila kilomita, basi, inataka sehemu ya uniti, kama 0.22. Watamu kwenda na kurudi ni uniti 11. Mwaka 2023 hapa Kenya iliwekwa bei maalumu ya stima kwa kuchaji vyombo vya umeme: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 saa za usiku wakati mitambo haina kazi nyingi, kabla ya kodi na tozo. Kwa bei ya usiku, safari ya Watamu ni shilingi 88. Hata ukiongeza kodi, hata ukiongeza uzito wa barafu, huwezi kuifikisha 750. Hii si tofauti ya kuitilia shaka. Ni karo ya mtoto.

Mama wa hotelini ameona samaki wake, amenusa, amelipa. Tumekunywa chai na mahamri kwa mbaazi, tumeondoka.

Saa tatu na nusu

Lile tone limenishinda. Nimeingia gereji, chini ya mwarobaini, kwa fundi ambaye ameitunza gari hii muda wote niliokuwa nayo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa kutoka kwenye giabox ya mtu. Baadaye alisikiliza injini kwa dakika moja tu, akaniambia ni bomba la kurudisha dizeli kwenye injekta namba tatu. Alikuwa sawa. Kazi ya nusu saa, kipande cha mpira na vibano viwili.

Wakati akifanya kazi nilimweleza habari ya pikapu ya umeme. Haina klachi, haina injekta, haina oili ya injini ya kubadilisha. Ukifungua boneti hakuna injini, kuna nafasi ya kuweka mizigo. Alisimama, spana mkononi.

"Dizeli ikiugua inasema," aliniambia. "Moshi mweusi, nasikia. Moshi mweupe, nasikia. Betri ikinyamaza, mwanangu, itaniambia nini?"

Sikuwa na jibu pale pale, na nimelitafuta siku nzima. Betri za magari haya zina umeme wa mamia ya volti, mtu haingizi mkono kama kwenye betri ya kuwashia injini. Na betri ndiyo gari lenyewe. Ikifa, huna cha kuchomelea. Kampuni inasema mwenye gari ataweza kufanya mengi kwa mikono yake, kubandika vipande, hata kuigeuza kuwa gari la watu watano kwa vifaa vya kununua kando, na itawafundisha watu kwa video. Hilo nalipenda sana. Lakini vipande hivyo viko upande wa pili wa dunia, na ninachohitaji mimi saa tatu na nusu asubuhi ni mpira na vibano viwili.

Hata hivyo namwamini fundi wangu kuliko anavyojiamini. Injini zenye kompyuta zilipoingia, alisema maneno hayo hayo. Leo ana kile kidude cha kusomea makosa ya injini, na vijana wake wawili wanakijua kumshinda.

Saa sita adhuhuri

Jua liko utosini na sisi tuko barabara ya Kakoneni kufuata embe. Shamba liko kilomita 30 hivi kutoka mjini, na kipande cha mwisho ni vumbi na mashimo.

Leo ni makreti 34, kila moja kilo 25. Hizo ni kilo 850. Mimi na utingo tuna kama kilo 140 kwa pamoja. Pikapu yangu ni ya tani moja, imeinama kidogo nyuma, imebeba.

Hapa ndipo moyo wangu unapopata baridi juu ya ile nyingine, na nataka nieleze polepole kwa sababu watu wengi wanaoisifu wanaangalia bei na masafa tu. Uwezo wake wa kubeba ni kilo 650 hivi, na humo wamo waliokaa mbele. Ukitutoa sisi wawili, zinabaki kilo 510. Ni makreti 20. Yale 14 yanabaki chini ya mwembe, na lazima nirudi kuyafuata. Basi safari ya kilomita 60 inakuwa 120. Ile akiba ya asubuhi si kwamba imekufa, stima bado ni rahisi. Kilichokufa ni saa mbili za siku yangu, na mnunuzi wa embe pale Malindi hangoji, akiona jua limeegemea anashusha bei.

Hesabu haiishii hapo. Siku kama ya leo natembea kilomita 150. Kwa safari mbili za embe ingekuwa 210, na 240 za kampuni hazikupimwa na kreti mgongoni kwenye mashimo ya Kakoneni. Kuna betri kubwa ya uniti 84.3 inayofika kilomita 385 hivi, lakini hiyo unaongeza pesa, na mtu aliyekuja kwa sababu ya urahisi wa bei anajikuta anaupanda mnazi mwingine.

Tumekula embe mbili mbili kivulini tukiwa tunafunga kamba. Ngowe, tamu kupita kiasi.

Saa tisa alasiri

Embe zimeshuka, bei nzuri. Nimeswali, nimelala dakika 20 kwenye kiti.

Saa kumi

Daraja la Sabaki, kisha Mambrui, kuchukua fito za mivinje kwa mtu anayejenga Maweni. Fito ni za mita tatu. Sehemu ya mizigo ya ile pikapu ya kijivu ina urefu wa mita moja na nusu, yaani nusu ya fito ingening'inia nje. Hata yangu zinatokeza, tumefunga kitambaa chekundu nyuma. Kwa hili siwezi kuilaumu, ni gari dogo na halikujificha.

Baada ya magharibi

Nimeiosha pikapu. Mpwa wangu amekuja kula, wali wa nazi na mchuzi wa nguru, na tumeendelea tulipoachia.

Tulianza na bei, maana ndiyo iliyowavuta watu huko Marekani, zaidi ya 100,000 wakaweka dola 50 kila mmoja kushika nafasi katika wiki chache. Mwanzo ilitajwa kuwa chini ya dola 20,000, lakini humo ilikuwemo punguzo la kodi la serikali ya huko la dola 7,500. Punguzo hilo lilikoma Septemba 30, 2025. Kampuni ikasema bei itakaa karibu na dola 25,000. Kwa shilingi zetu hizo ni zaidi ya milioni 3, bado meli, bado ushuru.

"Halafu usukani uko kushoto, mjomba," akasema. Hilo nalo ni kweli. Sheria yetu inataka usukani wa kulia gari lipate kusajiliwa. Kwa hivyo hii yenyewe haiji Malindi, hata nikiuza shamba.

Nilimwambia hilo halinivunji moyo kama anavyodhani. Ninachotaka ni wazo lake lifike. Mtu atengeneze pikapu ya umeme ya usukani wa kulia, vioo vya mkono, bodi isiyooza, sehemu ya mizigo ya mita mbili, inayobeba tani. Skrini abaki nayo. Mpwa wangu aliandika yote hayo kwenye simu yake, sijui atamtumia nani, lakini aliandika.

Saa tatu usiku

Nimeandika kwenye daftari: kilomita 152, dizeli lita 15, bomba la injekta. Halafu nimehesabu la mwisho. Soketi ya kawaida ya nyumbani inatoa kilowati 3, na hapo umeikaza. Kilomita 152 ni uniti 33, ni saa 11 za kuchaji. Mimi narudi saa moja na kuondoka saa kumi na moja. Siku ya samaki peke yake inatosha, tena inabaki. Siku ya embe haitoshi.

Saa tatu na robo stima imepotea mtaa mzima. Tumekaa barazani na watoto, tumesikiliza bahari. Imerudi saa sita kasoro dakika 10. Nikiwa kitandani nimetoa saa mbili na dakika 35 kwenye hesabu yangu. Ni karibu uniti 8, kilomita 35. Watamu kwenda, bila kurudi.