Nisomee tu

Bi Mwalimu kaniambia "mimi nilikusomesha" na tangu Jumanne sina raha na hilo neno, naligeuza huku naligeuza kule, sijui kama ni lawama au alisema tu vile mtu hutaja kazi aliyoifanya zamani. Mnaonifuata hapa mnamjua, ndiye yule niliyemwandika wakati wa Ramadhani, wa chuo cha Qur'ani, mwenye bakora ya kitambaa chekundu, aliyenifundisha alifu na bee nikiwa bado kibogoyo wa meno ya mbele. Kwa hivyo anayetaka kuniambia "achana nayo" asijisumbue, nishaambiwa na baba watoto na haikusaidia.

Ilikuwa hivi. Nimevuka kutoka Mokowe jioni, kusi imechafuka, buibui yote imerowa maji ya chumvi, laptopu nimeipakata safari nzima. Kufika Amu, yaani Lamu mjini, nikakwepa Usita wa Mui, ile njia kuu, manake ukipita pale saa hizo kila mtu ana kesi yake mdomoni, huyu shamba lake la kule Hindi, bara, huyu tenda, huyu mtoto hakupata basari, na wote wanaamini wakili wa kaunti, yaani mimi, ana funguo za kila kabati. Nikapita njia za ndani, na kumbe huko ndiko nilikokuwa nangojewa.

"Ndoo mwanangu, ndoo."

Ni Bi Mwalimu ananiita nije, amekaa dakani kwake, kwenye baraza ya mlangoni, na kipepeo cha kujipepea. Nikamwamkia, nikambusu mkono, nikaketi. Akauliza Ma, mama yangu, hajambo, watoto hawajambo, bahari imekuwaje leo, yote kwa mpangilio wake, halafu akaingiza mkono chini ya mkeka akatoa bahasha.

"Nisomee. Mato yangu hayaoni tena vitu vidogo."

Nikaifungua. Nikaona nembo juu, nikaona kichwa cha barua, basi, sikuhitaji kuona zaidi. Notisi ya mipango ya ujenzi, ile kaunti humpa mtu ikiona ujenzi wake una kasoro. Nyumba yenyewe siitaji na mtaa siutaji, ingawa najua Amu nzima imeshajua, ila wale mliopita pale mmekiona kile chumba kipya cha juu kilichopandishwa kwa bloki za saruji na mabati kwa ajili ya mjukuu wake anayeolewa. Nikaikunja ile karatasi.

"Bi Mwalimu, hii siwezi kuisoma."

"Umesahau miwani?"

"La, si miwani. Hawa waliokuandikia, mimi ndiye wakili wao."

Akanyamaza. Kipepeo kikasimama.

"Sikukwambia unifanyie kesi. Nimekwambia unisomee."

"Nikikusomea utaniuliza maana yake."

"Nitakuuliza ndiyo. Kwani barua husomwa ili iwe nini?"

"Basi hapo ndipo ninaposhindwa. Mtafute mwengine akusomee. Na usikawie nayo, usiiweke."

Akaichukua barua mkononi mwangu, taratibu, akairudisha kwenye bahasha, bahasha ikarudi chini ya mkeka.

"Haya. Mimi nilikusomesha."

Kisha, bila hata kupumua, "Kahawa utakunywa?"

Nikasema la nashukuru, Ma ananingoja. Hiyo la nayo imekuwa kesi yake peke yake kichwani. Maana ningekunywa ningekuwa nimekaa, na ningekaa angeitoa tena, lakini pia kukataa kahawa ya Bi Mwalimu dakani kwake mbele ya wapita njia, we! Nilipofika nyumbani nikamsimulia Ma. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu, "Hukumsomea?", akainuka akaenda jikoni na mazungumzo yakaishia hapo.

Baba watoto yeye akasema ungemsomea tu bila kumfafanulia, kama mtangazaji wa redio. Mwanamume huyu tumeoana miaka yote hii na bado anadhani kazi yangu ni kupiga muhuri. Barua yenyewe ni Kiingereza! Sasa kumsomea Bi Mwalimu Kiingereza ni kumpigia kelele tu, na nikiigeuza Kiswahili nishaanza kuchagua maneno, hili niliweke zito au jepesi, hili niseme "lazima" au "inatakiwa", na nikishachagua maneno nishamshauri. Na mimi ni mshauri wa upande ule mwengine. Wakili hakai pande mbili za meza moja. Hili halina mjadala, hata angekuwa Ma mwenyewe ndiye aliyeandikiwa.

Najua wengi wenu bado mnaniita wakili wa gavana. Nishawaambia nikachoka. Sheria ya Ofisi ya Mwanasheria wa Kaunti ya mwaka 2020 inasema mshauri mkuu wa sheria wa serikali ya kaunti. Gavana anapendekeza jina, bunge la kaunti linapitisha, lakini mteja wangu ni serikali yenyewe, hii ya leo na ile itakayokuja na watu wengine. Naingia kwenye vikao vya mawaziri wa kaunti nashauri, uamuzi ni wao. Naandika miswada, napitia mikataba, nasimama kortini kwa niaba ya kaunti tukishtaki na tukishtakiwa, na mara nyingi zaidi ni hilo la pili. Kazi hii nusu yake ni kumwambia mkubwa "hapana" kwa adabu mpaka adhani wazo la kuacha lilikuwa lake. Hapo nishazoea. Sikuwahi kufikiria kwamba hapana ngumu kuliko zote ningeisema dakani.

Na hiyo "usikawie" je? Hii ndiyo inayoniamsha. Nilisema kama mtoto anavyomhimiza mzee, au nilisema kama wakili? Manake najua nilichokuwa nakijua. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inampa mtu aliyepewa notisi ya aina hiyo siku 14 kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti inayosikiza mambo hayo, na kamati nayo ina siku 30 za kuamua. Haya si siri ya ofisi, yamechapishwa, yanauzwa, yako kwenye intaneti, na hapa nawaambia nyinyi nyote kwa pamoja bila kumlenga mtu. Lakini pale dakani nilikuwa na mtu mmoja mbele yangu na ulimi ukaniponyoka nusu. Kama ningekaa kimya kabisa ningekuwa wakili safi. Kama ningesema yote ningekuwa mwanafunzi mwema. Nimesema neno moja lililo katikati, na sijutii, ila pia silipendi.

Wiki yenyewe wala haikuwa ndogo. Bajeti imepita usiku kukiwa na ukelele, barua ya Seneti kuhusu hesabu imefika, na nimekwenda Malindi, Mahakama ya Mazingira na Ardhi, kesi ikaahirishwa tukageuza gari. Njia nzima, Witu, Garsen, kwenda na kurudi, dereva anapiga stori za Harambee Stars, mimi kichwani "mimi nilikusomesha", nikijaribu kuisikia sauti ilivyopanda na ilivyoshuka. Mara naisikia kali. Mara naisikia ya mtu aliyechoka. Tulipofika Witu nikaisikia kwa mara ya kwanza kama mtu anayejisifu kidogo, yaani tazama mimi nimesomesha mtu mpaka ananikatalia! Halafu gari likaruka tuta ikapotea.

Kuna kitu kimenichoma zaidi na hakihusu mimi na yeye peke yetu. Kila nikialikwa kuzungumza na maafisa juu ya kushirikisha wananchi, mfano wangu ni mmoja, kila mtu ofisini anaujua na wengine huutabasamia kabla sijaufikia. Ule mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi, huku huku Lamu, megawati 1,050, makaratasi yake yangejaza chumba, na Juni 2019 baraza la kitaifa la kesi za mazingira (National Environment Tribunal) likafuta leseni yake kwa sababu watu wa huku hawakushirikishwa ipasavyo. Huwa nawaambia, kumpa mtu karatasi si kumwambia kitu. Nasema hivyo nimesimama na maikrofoni, napigiwa makofi, tunakula biriani. Halafu mwalimu wangu ana karatasi ya Kiingereza chini ya mkeka. Na ni halali kabisa jamani, Katiba kifungu cha 7 kinasema lugha ya taifa ni Kiswahili na lugha rasmi ni zote mbili, Kiswahili na Kiingereza. Ukinipeleka kortini na hoja hiyo nitakushinda asubuhi kabla ya chai. Ndiyo inaniudhi zaidi.

Alhamisi nikafanya mawili. La kwanza nimemwandikia katibu wa kaunti kwamba kuna faili moja nina uhusiano na mhusika, nimejitoa, mwenzangu ofisini atalishika, na asinionyeshe hata ganda lake. La pili nimeandika memo nyengine, ya notisi zote, si ya yeyote, kwamba barua yoyote inayompa mwananchi muda wa kujibu iende na nakala ya Kiswahili iliyopigwa ukurasa mmoja. Jibu nililopata mpaka sasa ni "tumepokea". Mwenye kujua ofisi anajua hilo jibu linaweza kuishi miaka.

Sasa Ijumaa. Niko nyumbani baada ya swala, kichwa kinaniuma, mlango unagongwa, ni kijana mdogo wa pale kwa Bi Mwalimu, yule mwenye masikio makubwa anayeuza barafu za ubuyu. Mikononi ana sahani imefunikwa kawa. Mkate wa sinia, nimeusikia harufu ya iliki kabla hajafika ndani. Hajaamkia vizuri akaanza.

"Bibi asema ameshasomewa barua. Asema atawajibu. Asema atawaambia kwamba nyumba yetu tangu..."

"Wee! Nyamaza!"

"...tangu enzi za baba yake kila binti akiolewa..."

Nikaziba masikio. Wallahi, mtu mzima, wakili wa Mahakama Kuu, nimesimama sebuleni na vidole masikioni naimba la la la, manake kama siwezi kumsaidia basi pia siwezi kuisikia hoja yake kabla haijafika kwa wenzangu, hiyo ni mbaya zaidi. Watoto wametoka vyumbani wananitazama. Kijana akafunga mdomo, akanitazama, akacheka mpaka sahani ikataka kuanguka.

"Bibi alisema utaziba masikio!"

"Alisema?"

"Alisema ukiziba nikupe sahani. Usipoziba nirudi nayo."

Nilikaa chini. Nilicheka, halafu nikalia kidogo, halafu nikacheka tena na mdomo umejaa mkate. Huyu bibi! Ndivyo alivyokuwa chuoni, anakusomesha sura mpaka unaona umeihifadhi, kisha siku ambayo huitarajii anakutuma dukani, ukirudi na sukari anakuuliza pale pale mlangoni aya inayofuata. Ukikosea, sukari unaipeleka ndani, hupati kashata. Ukipatia, hakusifu. Anakupa kashata tu.

Nikamuuliza kijana, bibi amekasirika? Akasema, "Bibi? Hana habari, yuko busy na arusi." Watoto wa siku hizi huwezi kutoa ushahidi wowote kwao. Kwa hivyo bado sijui ile Jumanne ilikuwa lawama au ilikuwa nini, na huenda ikawa alikasirika Jumanne kikweli kweli na akanisamehe Alhamisi, au alikuwa ananipima tangu bahasha ilipotoka chini ya mkeka. Sahani nimeiosha, na kwetu sahani hairudi tupu, kwa hivyo Ma ameijaza visheti, na nimemtuma mwanangu wa kiume aipeleke manake mimi dakani pale sikanyagi mpaka kamati imalize kazi yake. Arusini nitakwenda. Nikiulizwa habari za chumba cha juu nitasema nimekuja kula pilau.

Kilichobaki kunipandisha presha ni mambo ya shule. Binti yangu yuko Gredi ya 9 na wanatakiwa kuchagua mkondo wa sekondari ya juu, sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Huyu anayepata alama nzuri za hesabu kuliko baba yake na mimi tukijumlishwa ameandika michezo. Michezo! Anataka kuogelea, ati amezaliwa kisiwani. Nikamuuliza utakula nini, akaniambia "samaki", na baba yake akacheka badala ya kunisaidia. Kama kuna mzazi amepitia hii aniandikie, hasa shule gani huku Pwani zina huo mkondo na walimu wake kweli, manake fomu inatakiwa Jumatatu na mpaka sasa hivi kwenye nyumba hii kura ni mbili kwa moja na mimi ndiye moja.