Mvumo kwenye DAC: tafuta njia yake kwanza

Usipande daladala kwenda Mwanjelwa kutafuta kebo ya USB ya bei mbaya eti kwa sababu DAC, kifaa kinachogeuza muziki wa kidijitali wa kompyuta kuwa sauti ya amplifaya, inavuma. Data hufika salama hata kwa kebo ya kawaida. Kinachosumbua ni umeme unaosafiri nayo kwenye waya hasi na ngao ya kebo, ukapita ndani ya DAC, ukatokea RCA (kebo za sauti kati ya DAC na amplifaya), ukaingia amplifaya.

Simamisha muziki, acha sauti pale unaposikilizia kila siku, kisha chomoa chaja ya kompyuta mpakato. Mvumo ukikatika, chaja na amplifaya zimefunga mzunguko kupitia eathi. Usipokatika, chomoa USB. Ukiwa bado upo, tatizo ni RCA au amplifaya yenyewe, na hakuna kifaa cha USB kitakachokusaidia. Sikiliza pia sauti yake: mvumo mzito ni 50 Hz (mitetemo 50 kwa sekunde) ya umeme wa TANESCO, au 100 Hz; mluzi mwembamba unaobadilika ukisogeza mausi unatoka ndani ya kompyuta.

Dawa ya bure ni kuchomeka kompyuta, DAC na amplifaya kwenye ekstensheni moja. Lakini usikate pini ya eathi! Mvumo utaisha kweli, ila siku waya wa moto ukigusa kasha la chuma la amplifaya, mwili wako ndio utakuwa eathi. Na ukigusa chuma cha kompyuta ukahisi kama unatekenywa, huenda soketi ina matundu matatu lakini waya wa kijani na njano haufiki kwenye fimbo ya eathi iliyochimbiwa ardhini. Mwite fundi umeme apime kwanza, mengine yatasubiri.

Dawa ninayoiamini kuliko zote ni kebo ya mwanga, TOSLINK. Haina shaba, kwa hiyo eathi haina pa kupitia. Usiikunje kwa nguvu, na usitegemee zaidi ya 96 kHz (sampuli 96,000 za sauti kwa sekunde). Kosa linalojirudia ni kuweka kebo hiyo halafu DAC ikapewa 5 V kutoka USB ya kompyuta ileile: shaba imerudi kwa mlango wa nyuma. Ipe adapta yake au pawabenki, ambayo inawafaa pia walioko Makete wanaotumia sola.

DAC yenye USB pekee huhitaji kitenganishi, kifaa cha USB kinachopitisha data bila kuunganisha umeme wa pande mbili. Vile vya bei nafuu vyenye chipu ya ADuM4160 vinaishia 12 Mbps, yaani biti 24 kwa 96 kHz. DAC inayodai 480 Mbps huenda isifanye kazi kabisa. Vingi hutoa takribani 200 mA tu, hivyo DAC yenye njaa zaidi itazima na kuwaka ovyo mpaka uipe umeme wa pembeni.

Feraiti, pete ya sumaku inayovalishwa kebo, iwe ya mwisho. Pitisha kebo mara 3 kwenye pete moja, nguvu yake huongezeka karibu mara 9 kuliko kuipitisha mara moja. Inapunguza kelele za masafa ya juu. 50 Hz haiigusi.