Hesabu Saa Kwanza, Tarehe Baadaye

Lengo likifa wiki ya tatu, mwenye nalo hujiita mvivu. Mara nyingi anajionea. Ukilitazama lilivyoandikwa utakuta tarehe ya mwisho ipo, lakini saa za kazi hazikuhesabiwa hata kidogo.

Chukua mtu anayetaka kumaliza kitabu cha kozi chenye sura 24. Anaandika "wiki 12", kwa kuwa sura mbili kwa wiki zinaonekana chache. Kabla ya kuandika tarehe yoyote, asome sura moja kwa utaratibu uleule atakaoufuata hadi mwisho: kusoma, kuandika muhtasari, kufanya mazoezi, kusahihisha. Apime kwa saa. Tuseme imechukua saa 2 na dakika 40. Zidisha mara 24, unapata saa 64. Kisha aikumbuke wiki iliyopita, siyo wiki anayoitamani, na ahesabu saa zilizokuwa wazi kweli. Zikiwa 5, kazi hiyo ni ya wiki 13, na hapo bado hajaugua wala kupata mgeni.

Kwa hiyo aongeze nusu: saa 96, yaani wiki 20. Nusu hiyo ina sababu. Mwaka 1994 wanasaikolojia Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti ambamo wanafunzi walikadiria siku za kumaliza tasnifu zao. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 34 hivi. Kazi ikachukua zaidi ya 55. Hata walipoombwa wakadirie kana kwamba kila kitu kitaharibika, bado walikosea kwa kupunguza. Tunapopanga tunaiona kazi yenyewe tu, na hatuangalii kazi kama hiyo ilituchukua muda gani mara iliyopita.

Na kama mtihani uko baada ya wiki 12 kweli? Basi hesabu inakupa njia mbili. Kwa saa 4 kwa sura, nyongeza ikiwemo, saa 5 za kila wiki zinatosha sura 15: chagua zenye uzito. Au tafuta saa 8 kwa wiki, na utaje kwa jina kitu kitakachoachwa ili zile 3 zipatikane. "Nitaongeza bidii" si njia ya tatu, kwa sababu haiongezi hata dakika moja kwenye ratiba.

Baada ya saa, panga mwanzo wa kila kipindi. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mpango wa "ikiwa hivi, basi vile" humsaidia mtu kutekeleza kuliko nia peke yake. Siri iko kwenye sehemu ya kwanza: iwe tukio unaloliona. "Jioni nitasoma" haina mlango wa kuingilia. "Nikimaliza kuosha vyombo vya jioni, nakaa mezani na kufungua sura" inao. Ongeza mpango mmoja wa kizuizi, hasa kile kinachotoka ndani yako: "Ikiwa nimechoka mno, basi nafanya maswali matatu ya sura iliyopita." Mipango miwili kwa lengo inatosha, ukiandika kumi hutakumbuka hata mmoja saa inapofika.

Sasa jambo linaloua malengo kuliko yote: viporo. Wiki hii umekosa saa 4, unazihamishia wiki ijayo, nayo inakuwa na saa 9. Haiwezekani, kwani zilizo wazi ni 5 tu. Deni linakua, na daftari linafungwa kwa aibu. Usihamishe chochote. Ile nusu uliyoongeza iliwekwa kwa ajili hii. Wiki mpya ianze na saa 5 zake. Kukosa siku moja pia si msiba: katika utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010, siku moja iliyorukwa haikuharibu ujenzi wa mazoea. Humo muda wa tendo kuwa mazoea ulitofautiana sana, kuanzia siku 18 hadi 254, hivyo achana na ile dhana kwamba mazoea hujengeka kwa siku 21.

Kila mwisho wa wiki tenga dakika 15 na uandike saa ulizopanga, saa ulizofanya, sura zilizokamilika, na sababu ya pengo kwa maneno machache. Sababu ileile ikijirudia wiki mbili mfululizo, badilisha muda au mahali pa kusomea. Kujikaripia hakutaifungua saa iliyozibwa.

Mwisho wa wiki ya sita, kadiria upya. Tuseme sura 7 zimekamilika kwa saa 26, yaani saa 3.7 kwa sura. Zilizobaki 17 zinadai saa 63 hivi, ambazo kwa mwendo wa saa 5 ni wiki 13. Katika zile wiki 20 za mpango zimebaki wiki 14. Hiyo moja iliyozidi iache wazi, usiijaze kazi mpya.